Milima ya Ezekieli na milima yetu

Katika Kwaresima iliyopita nilisali pamoja na wakristu wa shapeli moja upande wa Shari, karibu na Bunia. Ilikuwa Ijumaa ya juma la kwanza. Katekista aliongoza ibada, na mimi nilikaa nyuma kama mugeni. Somo la siku ile, kama munavyojua, linatoka katika kitabu cha nabii Ezekieli, sura ya 18: mutu muovu akigeuka ataishi. Katekista alilisoma vizuri, kwa sauti wazi, pasipo kukimbia. Halafu, pengine aliona kwamba somo ni fupi, akafungua kurasa za nyuma na kuongeza sura ya 6, yaani neno la Mungu juu ya milima ya Israeli. Mahubiri yake yote yalitoka katika sura hiyo ya 6. Sura ya 18 hakuigusa tena.

Alisema hivi kwa kifupi: Mungu aliapa kuvunja mahali pa juu ambapo watu walifukiza ubani mbele ya sanamu. Alisema kwamba mifupa yao itatawanyika kuzunguka mazabahu zao, na miji yao itabaki ukiwa. Basi, ninyi wakristu, angalieni milima yetu kutoka hapa mpaka Djugu na mpaka ziwani. Nani alijenga vibanda vya mizimu huko? Nani alimwaga pombe na damu ya kuku? Nyumba ziliteketezwa, mifupa ilionekana katika majani. Nabii alikwisha kuandika habari hii zamani. Na mwishoni akataja, si kwa jina lakini kila mutu alielewa, watu wa mulima fulani, ambao mababu zao walikuwa, alisema, na dawa nyingi kuliko wengine.

Siandiki kusudi nimuhukumu. Yeye ni mutu wa sala, na kazi yake anaifanya karibu bila mushahara. Tena alifanya jambo ambalo wengi wetu wenye kusoma seminarini hatulifanyi: aliamini kwamba nabii anasema na watu wa leo. Lakini mbele yake, kwenye benchi ya pili, walikaa wamama watatu wanaotoka katika kambi ya wakimbizi. Niliwaona wakiinamisha kichwa. Waliambiwa, katika nyumba ya Mungu, kwamba wafu wao walistahili. Juu ya wamama hao ninaomba tusome tena sura ile ya 6, polepole, kama tunavyofundishwa kusoma.

Swali la kwanza la kila musomaji wa manabii ni hili: nabii anasema na nani? Ezekieli ni padri, mutoto wa Buzi. Alichukuliwa utumwani Babiloni pamoja na mufalme Yoyakini mwaka 597 mbele ya Kristu, na akaanza kutabiri kwa muto Kebari katika mwaka wa 5 wa utumwa ule, ndio 593. Milima anayoielekea kwa uso wake ni ya kwao. Ni milima aliyoiacha, ambayo pengine usiku aliiota. Wamoabu, Waedomu na watu wa Tiro nao watapata neno lao baadaye, katika sura ya 25 na kuendelea, lakini hapa hawaguswi. Hapa hakimu anaanza na nyumba yake mwenyewe, na nabii yumo ndani ya nyumba ile. Katika sura ya 4 amelala kwa ubavu akibeba kosa la watu. Katika sura ya 24 muke wake anakufa na anakatazwa kulia. Hakuna neno hata moja la hukumu katika kitabu hiki ambalo halikumupitia yeye kwanza. Muhubiri anayetaka kutumia sura ya 6 juu ya mulima wa jirani amegeuza uso upande ambao nabii hakugeuza.

Kuna jambo lingine la historia ambalo mara nyingi tunalisahau. Mahali pa juu palikwisha kuvunjwa! Mufalme Yosia, yapata mwaka 622, alizunguka nchi, akabomoa mazabahu, akakata miti mitakatifu, akachoma mifupa juu ya mawe yale kusudi yawe najisi. Tunasoma habari hiyo katika Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 23. Na miaka 30 baadaye Ezekieli anasema juu ya mahali palepale. Basi moto wa mufalme haukutosha. Sisi watoto wa misioni tunajua mambo haya. Wazee wetu walisimulia siku ambapo vitu vya mizimu vilirundikwa mbele ya katekista vikachomwa, na watu wakabatizwa. Moto ule ulikuwa mukubwa. Lakini leo mukristu mwenye rozari shingoni akiugua anapita nyuma ya nyumba, usiku, kwenda kwa mufumu. Na anayempeleka pengine ni mushauri wa parokia. Yosia alivunja mawe. Ezekieli anatafuta kitu kingine.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ninalihesabu kuwa ndilo ufunguo. Sura ya 6 haisimami peke yake. Ina ndugu yake, ndio sura ya 36. Katika zote mbili nabii anaagizwa kutabiri kwa milima ya Israeli, kwa maneno yaleyale ya kufungua. Katika zote mbili vinatajwa pamoja milima, vilima, makorongo na mabonde. Hata neno la Kiebrania bamot, mahali pa juu, linarudi. Katika sura ya 6 linaonyesha mahali pa ibada mbaya. Katika sura ya 36 adui analitamka akisema kwamba mahali pa juu pa zamani sasa pamekuwa mali yake. Mwandishi amezipanga sura hizi mbili kama milango miwili ya nyumba moja: katikati kuna anguko la Yeruzalemu. Ya kwanza inasema mazabahu yatavunjika. Ya pili inasema milima itatoa matawi na kuzaa matunda, watu watakuwa wengi tena, miji itakaliwa. Ni Mungu yuleyule na milima ileile. Anayesoma ya kwanza mbele ya wakimbizi na kufunga kitabu amewafungia mulango wa pili.

Na tazameni jambo la ajabu katika sura hiyo ya 36, mustari wa 13. Kuna watu waliokuwa wakiisema vibaya nchi ile, kwamba ni nchi inayokula watu wake. Ni nani kati yetu hajasikia maneno kama hayo juu ya Ituri? Tumeyasikia kwa wasafiri, tumeyasikia katika redio, tumeyasema sisi wenyewe. Mungu anajibu kwamba hataki tena maneno hayo yasikilike. Anaitetea nchi juu ya ulimi wa watu.

Hapo tunafika kwenye kilio. Ninawaomba waseminari wanaojifunza Kiebrania wafungue mustari wa 11 wa sura ya 6. Nabii anaagizwa apige makofi, apige chini kwa muguu, na aseme neno moja dogo: ah. Halafu wafungue sura ya 25, mustari wa 3 na wa 6. Waamoni nao wanapiga makofi, nao wanapiga miguu chini, na neno lao vilevile ni dogo: heah. Alama ya mwili ni moja, lakini sauti si moja. La kwanza ni ole, kilio cha mutu anayeona nyumba yake inaanguka. La pili ni sauti ya furaha ya mutu anayeona nyumba ya jirani inaanguka. Kwetu tungesikia vigelegele. Na juu ya heah ile Waamoni wanahukumiwa. Juu ya heah ile Tiro inahukumiwa katika sura ya 26. Neno hilohilo linawekwa katika mudomo wa adui katika sura ya 36, mustari wa 2.

Ninajua kwamba wenye elimu wengine wanaona makofi ya sura ya 6 kuwa ya dharau, na kwamba nabii anaigiza hasira ya Mungu. Mimi sikubali. Mustari wa 9 unasema namna Mungu mwenyewe amevunjika moyo kwa ajili ya moyo wa watu wake uliomwacha. Kiebrania cha mustari ule ni kigumu, na watafsiri hawapatani, lakini uchungu umo. Na katika sura ya 21 nabii anaagizwa augue mbele ya macho ya watu kama mutu aliyevunjika kiuno. Nabii wa namna hiyo hachezi juu ya kaburi.

Basi kosa la mahubiri ya Shari si kwamba yalikuwa makali. Manabii ni wakali, na muhubiri anayewafanya kuwa laini anawaibia watu. Kosa ni kwamba maneno yalikuwa ya Ezekieli na sauti ilikuwa ya Waamoni.

Mutu ataniuliza: Padri, unataka tunyamaze juu ya sanamu? Hata kidogo. Ninataka tuseme zaidi, lakini tuseme pale ambapo nabii anaweka kidole.

Katika Biblia zetu neno sanamu linafunika maneno mengi ya Kiebrania. Kuna pesel, kitu kilichochongwa. Kuna elilim, vitu vya bure. Lakini Ezekieli ana neno analolipenda, gillulim. Katika Agano la Kale linapatikana mara 48, na 39 kati yake ni katika kitabu chake. Ni neno la matusi. Linatokana pengine na kuviringisha, kama gogo au jiwe, na sikio la Muebrania lilisikia ndani yake neno la mavi. Tena angalieni linapokaa. Katika sura ya 14 wazee wa Israeli wanakuja na kukaa mbele ya nabii kusudi wasikie neno la Mungu, wametulia, wana adabu. Na Mungu anamwambia nabii kwamba watu hawa wameziinua gillulim zao moyoni. Hakuna gogo wala jiwe. Hakuna kibanda. Hakuna kuku. Wazee wamekaa katika benchi ya kwanza.

Je, ni nini kimeinuliwa moyoni mwa watu wa nchi yetu? Sitaki kujibu kwa haraka, lakini maji ya muto Shari yananisaidia. Maji hayo ndiyo yanayozungusha mashini za Budana, na mashini zile zilijengwa kwa ajili ya kazi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Mwaka 1903 watafuta madini wawili kutoka Australia waliona dhahabu upande wa Kilo. Mwaka 1926 ikaundwa kompani ya Kilo-Moto. Mababu zetu walichukuliwa kwa nguvu kwenda kuchimba na kulimia wachimbaji. Wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1999, vikundi vyenye silaha vilipigania Mongbwalu mara nyingi, vikundi vyote, na kila kimoja kilipopashika kilichimbisha watu. Mwaka 2005 shirika la Human Rights Watch liliandika ripoti nzima juu ya mambo hayo, na jina lake linasema kwamba dhahabu ile imekuwa laana. Kati ya mwaka 1999 na 2003 watu waliokufa katika Ituri wanakadiriwa kuwa zaidi ya 50 000. Leo bado vijana wanaacha shamba na shule, wanaosha muchanga kwa zebaki, na dhahabu inavuka mpaka wa Uganda na kwenda mbali.

Fungueni sasa sura ya 7, inayofuata mara moja sura ile ya milima. Siku ya hukumu watu watatupa feza na zahabu yao njiani kama kitu kichafu. Haitawaokoa, haitashibisha tumbo, kwa maana ndiyo iliyowaangusha. Nabii anaongeza kwamba kwa mapambo yale mazuri walitengeneza sanamu zao. Mutume Paulo, akiwaandikia Wakolosai, anasema wazi kwamba tamaa ya mali ni ibada ya sanamu. Ninajiuliza kwa nini katekista aliruka kutoka sura ya 6 na kufunga kitabu, ukurasa mumoja tu mbele ya dhahabu. Lakini pengine ninajua. Watu wenye shimo la dhahabu ndio waliotoa mabati ya shapeli. Kibanda cha mizimu hakijatoa bati hata moja, kwa hiyo ni rahisi kukipiga. (Nikiri kosa langu pia: katika parokia niliyotumikia zamani, nilipokea mabati ya namna hiyo, na sikuuliza kitu.)

Na kuna sura ya 13. Ninashangaa kwamba inasomwa kidogo sana huku kwetu, maana inaonekana kama iliandikwa kwa ajili yetu. Nabii anasema juu ya wanawake wanaoshona vitambaa vya kufunga mikononi na vifuniko vya kichwa, kusudi wawinde roho za watu. Kwa konzi chache za shayiri na vipande vya mukate wanawaua watu wasiostahili kufa na kuwaponyesha wasiostahili kuishi, wakilidanganya taifa linalopenda kusikia uwongo. Na Mungu anasema kwamba atapasua vitambaa vile kutoka mikono yao, na kuziacha roho zile zitoke kama ndege waliofunguliwa.

Mwaka 1964 wasimba walipopita, mpaka Bunia hapa, vijana walinyunyiziwa maji ya dawa, wakaambiwa masasi yatageuka maji. Walikimbia mbele ya bunduki wakitaja jina la Mulele, na wengi wakaanguka. Vilevile katika Tanganyika mwaka 1905 watu wa Kinjikitile Ngwale waliamini maji yale, na katika vita vile vya Maji Maji wakafa kwa maelfu. Siku hizi tena tunaona vijana wenye kamba na vifurushi vya dawa mikononi, katika kundi hili na katika kundi lile. Nani aliwafunga kamba zile? Alilipwa kiasi gani? Kijana aliyefungwa kamba anaamini kwamba hatakufa, na mutu asiyeogopa kufa anaua upesi. Hapo ndipo kuna ibada ya sanamu ya kweli, nayo inamwaga damu. Lakini ona upole wa nabii: hasira ni juu ya mwenye kushona kitambaa, na mwenye kufungwa anaitwa ndege wa kufunguliwa.

Juu ya mababu nitasema kidogo tu, ijapokuwa jambo ni kubwa. Mahubiri ya Shari yaliwafanya mababu kuwa sababu ya mauti ya wajukuu. Fundisho hilo linaenea sana sasa. Katika maombi ya usiku watu wanafundishwa kukata laana ya ukoo, na wengine wanalipishwa feza kwa kazi hiyo. Lakini sura ya 18, ile iliyosomwa Ijumaa ile na kuachwa, inasimama mulangoni kama askari. Watu walikuwa na methali yao juu ya wazazi waliokula zabibu mbichi na watoto walioona ukakasi menoni. Mungu anaikataza methali ile isitumike tena. Mutoto hatabeba kosa la baba yake. Sura inakwisha kwa Mungu kusema kwamba hafurahii mauti ya mutu yeyote. Wale watakaosema kwamba katika Kitabu cha Kutoka imeandikwa namna nyingine wakumbuke kwamba Ezekieli alikijua kitabu cha Sheria kuliko sisi, alikuwa padri.

Tena tusiwaite mababu wote waabudu sanamu pasipo kuuliza. Papa Paulo VI aliandika kwa Afrika mwezi wa 10 mwaka 1967, na alisema kwa heshima juu ya mapokeo ya wazee wetu. Na Misa tunayoisali, ile ambayo Roma ilikubali tarehe 30 Aprili 1988 kwa majimbo ya Zaire, inawaita mwanzoni, pamoja na watakatifu, mababu wenye moyo mnyofu. Katekista yuleyule anaijibu sala ile kila Jumapili. Hawezi kuwaita mababu kwenye Misa saa tatu asubuhi, na kuwapeleka motoni Ijumaa jioni.

Kuna sura moja ambayo ningependa kila museminari aisome siku moja mbele ya kupewa ushemasi. Katika sura ya 8 nabii anapelekwa, katika maono, kuingia ndani ya hekalu kupitia tundu la ukuta, na ndani anaona wazee 70, kila mutu na chetezo chake gizani, wakisema kwamba Mungu hawaoni. Halafu katika sura ya 9 wanakuja watu sita wenye silaha, na wa saba amevaa kitani, ana kidau cha wino kiunoni. Anaagizwa aweke alama kwenye paji la uso la watu wanaougua na kulia juu ya machukizo ya muji. Alama yenyewe ni herufi tau, ambayo katika maandiko ya zamani ilikuwa na umbo la musalaba; Mababa wa Kanisa hawakuacha kuliona jambo hilo. Halafu agizo la pili: hukumu ianze katika patakatifu. Na kweli ikaanza na wazee waliosimama mbele ya nyumba. Mutume Petro analikumbuka katika barua yake ya kwanza.

Basi, ndugu mapadri, ndugu makatekista, sura za hukumu ni barua iliyoandikwa kwetu kwanza. Tukiisoma kwa sauti mbele ya watu kana kwamba ni barua ya mutu mwingine, tumeifungua vibaya.

Na tusisahau hili. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, katika parokia ya Mwenye Heri Anuarite kule Komanda, wakristu waliokuwa katika kesha la sala waliuawa, zaidi ya 40, pamoja na watoto. Mwezi wa 5 mwaka 2003, hapa Bunia, watu waliokimbilia parokia ya Nyakasanza waliuawa hapo, na mapadri pamoja nao. Nani atakayesema kwamba hao walikuwa na sanamu nyingi kuliko sisi tuliolala vizuri usiku ule? Watu walimletea Bwana wetu Yezu Kristu swali la namna hiyo, katika Injili ya Luka sura ya 13: habari ya Wagalilaya ambao damu yao Pilato aliichanganya na sadaka zao. Yeye akaongeza wale 18 walioangukiwa na munara wa Siloamu. Akakataa kabisa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Halafu akawageukia wenye kuuliza na kuwaambia watubu. Hiyo ndiyo njia ya Ezekieli, na Yezu anaikaza.

Mambo haya si uvumbuzi wangu. Papa Pius XII, katika barua yake ya mwaka 1943 juu ya Maandiko Matakatifu, aliagiza tutafute namna ya kusema ya kila mwandishi. Mutaguso wa Vatikano wa pili ulilirudilia mwaka 1965 katika Dei Verbum, namba 12, na kuongeza kwamba lazima tuangalie umoja wa Maandiko yote. Na Papa Benedikto XVI, mwaka 2010, alisema juu ya kurasa zenye giza za Biblia, kwamba zinahitaji musomaji aliyefundishwa, mwenye kusoma akimwangalia Kristu. Tunazijua namba hizi kwa mutihani. Kuzitumia Ijumaa jioni, taa ikiwa ndogo na watu wakiwa wamechoka, ni kazi nyingine.

Baada ya ibada nilikaa na katekista chini ya muti wa muembe. Nilimwambia haya yote, si kwa mupango kama nilivyoandika, bali kwa kurukaruka. Alisikiliza. Hakukasirika, ijapokuwa kwanza alinyamaza muda murefu. Halafu aliniambia kwamba yeye mwenyewe alipoteza ndugu wawili na nyumba katika mulima wake, na kwamba kusema nani ana kosa kulimsaidia kulala. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekuja na Kiebrania, naye alikuwa na wafu wake.

Tulifungua sura ya 36 pamoja. Aliisoma kutoka mustari wa 1 mpaka wa 15. Katika mustari wa 11, pale ambapo Mungu anaahidi milima kwamba atazidisha juu yao watu na wanyama, akasimama, akauliza kama ni ngombe. Nikasema ndiyo, ngombe nao wamo. Akaandika mistari ile katika daftari yake. Nilimkumbusha kwamba sura hiyo inaendelea mpaka somo la usiku wa Pasaka, lile la maji safi na moyo mupya, ambalo yeye husoma kila mwaka. Hakuwa amejua kwamba ni sura moja.

Mwishoni aliuliza: Padri, na kile kilio cha mustari wa 11 wa sura ya 6, nitakisema namna gani mbele ya watu? Kwa Kiswahili neno ole ni la kitabu, halitoki tumboni. Nilimwambia akiseme kwa lugha ya nyumbani kwake, namna mama yake alivyolia. Tulipatana kwamba Ijumaa ya pili atasoma sura zote mbili, ya 6 na ya 36, na kwamba mimi nitakuja tena kukaa nyuma. Kitu kimoja kilibaki hatukukimaliza: yeye alitaka kwanza aende kuwaona wale wamama watatu kambini, na aliniomba nisifuatane naye.